Mtoto msumbufu: Tafuta chanzo kabla ya kutafuta fimbo

WAHENGA walisema samaki mkunje angali mbichi. Katika vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, kuanzia Madogo hadi Kipini, methali hii hutajwa kila mtoto anaposhika ukaidi, na wengi huielewa kwa maana moja tu: achapwe mapema kabla hajakomaa katika makosa. Hata hivyo, samaki hukunjwa taratibu. Akikunjwa kwa pupa, huvunjika.

Mtoto msumbufu ni mtihani kwa mzazi popote alipo. Katika mji wa Garsen na vijiji vinavyouzunguka, mtihani huo huja pamoja na mingine: mafuriko yanayohamisha familia, ukame unaomaliza mifugo, baba anayekaa malishoni kwa miezi, na nyanya anayeachiwa wajukuu bila msaidizi. Mzazi aliyechoka huona njia mbili tu, kuchapa au kunyamaza. Njia zote mbili zinaweza kulifanya tatizo likue.

Makala haya yanaeleza maana ya tabia sumbufu, vyanzo vyake, hatua zinazoweza kuchukuliwa nyumbani bila gharama, na mahali pa kuomba msaada mambo yanapozidi uwezo wa mzazi.

Tabia sumbufu ni ipi?

Kosa la siku moja si tabia sumbufu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anayejibwaga chini na kulia akinyimwa kitu anafanya lililo la kawaida kwa umri wake, kwa kuwa hisia zake ni nyingi na maneno ya kuzieleza ni machache. Vivyo hivyo, kijana wa miaka 13 anayebishana na mamaye kuhusu saa ya kurudi nyumbani anajifunza kujitegemea.

Tabia huwa sumbufu inapojirudia kwa wiki na miezi, inapopita kiasi kwa umri wa mtoto, na inapovuruga masomo yake, urafiki wake au amani ya nyumba. Mifano ni kupiga wenzake, kuvunja vitu kwa makusudi, kutoroka shule, kuiba, kusema uongo kila mara na kukataa kila agizo.

Ni vyema pia mzazi ajiulize tabia hiyo hutokea wapi. Mtoto anayesumbua nyumbani pekee, lakini akawa mtulivu shuleni na kwa shangaziye, huenda anaonyesha kwamba jambo fulani nyumbani halimwendei sawa. Anayesumbua kila mahali anahitaji kuchunguzwa afya yake mapema.

Anza na mwili

Mtoto anayeitwa mara tatu asiitike huhesabiwa kuwa na kiburi, ilhali huenda hasikii. Maradhi ya masikio yanayotoa usaha, yakiachwa bila matibabu, hupunguza uwezo wa kusikia. Mtoto anayezubaa ghafla kwa sekunde chache katikati ya mazungumzo, kisha akaendelea kana kwamba hapakutokea kitu, anaweza kuwa na aina ya kifafa isiyo na kuanguka wala kutikisika. Naye mwenye upungufu wa damu huchoka na kukasirika upesi. Miongoni mwa visababishi vya upungufu huo ni lishe duni, malaria, minyoo na kichocho, ugonjwa ambao umejulikana kwa miaka mingi kando ya Mto Tana.

Malaria kali inayoshika ubongo nayo inaweza kumwachia mtoto aliyenusurika matatizo ya kifafa, lugha, kumbukumbu au tabia. Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu katika kaunti jirani ya Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI na shirika la Wellcome Trust kilianzishwa mwaka 1989. Mnamo 2017, watafiti wakiongozwa na Symon Kariuki walichapisha katika jarida la The Lancet Psychiatry matokeo ya utafiti kuhusu watoto wa Kilifi wenye umri wa mwaka 1 hadi 6. Takriban asilimia 13 walikuwa na matatizo ya tabia au hisia. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na matatizo hayo ni degedege na kifafa, pamoja na matatizo wakati wa kuzaliwa.

Kuna pia watoto waliozaliwa na usonji, wale wenye ulemavu wa akili, na wale ambao hawawezi kutulia wala kumakinika kwa jambo moja kama wenzao. Hawa huchapwa zaidi ya wengine wote na kufaidika kidogo zaidi, kwa kuwa wanaadhibiwa kwa jambo wasiloweza kulizuia. Wengine hufichwa au hufungwa kamba nyumbani kwa dhana kwamba wamerogwa au wana majini. Familia inaweza kumwombea mtoto wake kwa imani yake, lakini dua haizuii safari ya hospitali. Kifafa kina dawa, na watoto wengi wanaozitumia bila kukatiza huishi bila kuanguka.

Kilichotangulia na kilichofuata

Afya ikishachunguzwa, hatua ya pili ni kuitazama tabia yenyewe. Kwa muda wa wiki moja, mzazi azingatie mambo matatu kila mara mtoto anaposumbua: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini hasa, na nini kilifuata. Asiyejua kuandika anaweza kukariri, au amwombe mtoto mkubwa amwandikie katika daftari. Baada ya siku saba, mara nyingi mpangilio fulani utaanza kuonekana.

Kwa kawaida, tabia sumbufu humpatia mtoto mojawapo ya mambo manne: kitu anachokitaka, macho ya watu, nafasi ya kukwepa jambo lisilompendeza, au nafuu ya mwili kama vile kutuliza wasiwasi. Mvulana wa gredi ya nne anayeanza fujo kila somo la kusoma linapofika huenda hajui kusoma, na anaogopa kuaibika. Mwalimu anayemfukuza darasani anadhani amemwadhibu, kumbe amempa alichokuwa akikitafuta.

Chukua mfano wa mama aliye sokoni Garsen na mwanawe wa miaka mitano. Mtoto anataka soda, mama anakataa. Mtoto analia, mama anashikilia msimamo wake. Mtoto anajibwaga chini na kupiga mayowe, watu wanageuka kutazama, na mama kwa kuona haya anamnunulia. Kelele zinakoma papo hapo. Siku hiyo mtoto amejifunza kwamba kulia hakutoshi, bali kupiga mayowe mbele za watu kunalipa. Mama naye amejifunza kwamba kukubali huleta utulivu. Wiki inayofuata, mtoto ataanzia pale alipoishia.

Mwanasaikolojia Mmarekani Gerald Patterson, aliyewachunguza wazazi na watoto kwa miaka mingi katika jimbo la Oregon, aliueleza mzunguko huu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1982. Alionyesha kwamba mzazi na mtoto hufunzana shari bila kujua, kila mmoja akipandisha sauti hadi mwenzake asalimu amri. Fimbo nayo huingia katika mzunguko uo huo. Mtoto akichapwa hunyamaza kwa muda, mzazi huamini kwamba dawa imefanya kazi, na kesho hulazimika kuongeza viboko ili apate ukimya ule ule. Wakati huo mtoto amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na somo hilo hulipeleka kwa wadogo zake.

Hatua za kuchukua nyumbani

Kwanza, mzazi atenge angalau dakika 10 kila siku za kuwa na mtoto huyo bila kumkosoa wala kumtuma. Si lazima awe na pesa wala vitu vya kuchezea. Wanaweza kuzungumza wakielekea shambani, wakikamua ng'ombe au wakitengeneza mpira wa matambara, mradi mtoto ndiye achague mazungumzo au mchezo. Mtoto anayepata macho ya mzazi kwa wema hapungukiwi hata ayatafute kwa ubaya.

Pili, mema yatajwe kwa jina. Kumwambia mtoto kwamba yeye ni mzuri hakumweleweshi kitu. Kumwambia, "Nimefurahi umempa mdogo wako nafasi ya kwanza kunywa," kunamwonyesha hasa la kurudia. Kwa mtoto aliyezoea lawama, sifa hizi zianze na mambo madogo, hata kama ni dakika tano za kukaa bila ugomvi.

Tatu, maagizo yawe mafupi na yatolewe moja moja. Mzazi amkaribie mtoto, amwite jina, kisha aseme jambo moja linaloonekana: "Weka kikombe mezani." Agizo kama "Acha ujinga" halielezi la kufanya, na linalopigiwa kelele kutoka upande wa pili wa ua hupuuzwa kwa urahisi.

Nne, kanuni za nyumba ziwe chache, tatu au nne, na zifuatwe kila siku. Kanuni inayofuatwa leo na kusahaulika kesho humfunza mtoto kujaribu bahati yake.

Tano, yanayoudhi bila kudhuru yapuuzwe. Kununa, kulalama na kulia kwa kudeka hufifia yasipopata mtazamaji. Mzazi ajitayarishe hata hivyo, kwani kwa siku chache za mwanzo mtoto huzidisha kelele ili aone kama njia ya zamani bado inafanya kazi. Anayesalimu amri siku ya tatu huwa amemfunza mwanawe kulia kwa siku tatu. Jambo la hatari halipuuzwi kamwe. Mtoto akimpiga mwenzake, akichezea moto au akielekea kwenye kingo za mto wenye mamba na viboko, mzazi achukue hatua papo hapo.

Sita, kosa lifuatwe na matokeo yanayolingana nalo. Aliyemwaga maji kwa makusudi achote mengine kwa kiasi anachoweza kubeba. Aliyevunja kiti asaidie kukitengeneza. Aliyempiga mwenzake uwanjani akose mpira jioni hiyo, na kesho apewe nafasi mpya. Kumnyima chakula, kumlaza nje au kumzuia kwenda shule si nidhamu. Hasira zinapopanda, mtoto mdogo anaweza kukalishwa kando mahali salama panapoonekana kwa dakika zisizozidi miaka yake, yaani dakika tano kwa mwenye miaka mitano. Asifungiwe chumbani wala kuwekwa gizani.

Kwa aliyebaleghe, mzazi apunguze amri na kuongeza mashauriano. Kijana ashirikishwe kupanga saa ya kurudi na kazi za nyumbani. Mzazi naye ajue mwanawe yuko wapi, yuko na nani na anapata wapi pesa anazotumia. Kijana anayetoroka shule ili kuendesha bodaboda huenda anatafuta karo, chakula au heshima, na kila sababu ina jibu lake.

Hatua ya mwisho inamhusu mzazi mwenyewe. Akihisi hasira zinamzidi, aondoke kidogo, anawe uso, amwachie mtu mzima mwingine mtoto kwa muda, kisha arudi.

Baada ya mafuriko na vita

Watoto wa Tana River wamepitia mengi katika muda mfupi. Tarehe 22 Agosti 2012, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa, na mashambulizi baina ya jamii yaliendelea katika vijiji vingine vya delta hadi Januari 2013. Mto ulifurika na kuhamisha familia mwaka 2018, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Kati ya mafuriko hayo kulikuwa na ukame mkali uliofikia kilele mwaka 2022. Aliyekuwa na miaka minane wakati wa mashambulizi ya 2012 sasa ni mtu mzima, na pengine ana watoto wake. Hofu isiyotibiwa kwa mzazi huonekana katika hasira zake kwa mwanawe.

Mtoto aliyeshuhudia nyumba ikichukuliwa na maji au jirani akiuawa anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, kumng'ang'ania mama au kupigana kwa jambo dogo. Kwa macho ya haraka huo ni utukutu. Kwa kweli ni woga, na kumchapa mwenye woga humthibitishia kwamba dunia si salama.

Dawa ya kwanza ni mazoea. Hata katika hema la waathiriwa wa mafuriko, familia inaweza kulinda mambo machache: saa ya kulala, sala ya pamoja, hadithi ya nyanya jioni, na kazi ndogo ya kila siku inayomfaa mtoto, kama vile kukusanya vyombo au kumwangalia mbuzi. Mtoto aelezwe ukweli kwa maneno mafupi: nyumba imeharibika, tuko pamoja, tutarudi maji yakipungua. Aidha, watu wazima wajihadhari na maongezi ya kisasi mbele ya watoto. Anayelala akisikia jinsi jamii jirani itakavyolipizwa huamka akiwatafuta adui shuleni.

Walezi wengi, kauli moja

Mtoto wa Tana River halelewi na mtu mmoja. Baba wa jamii ya Waorma anaweza kuwa mbali na ng'ombe kiangazi chote, na mama wa Kipokomo akashinda shambani wakati wa kuwinga ndege katika mpunga. Nyumbani hubaki nyanya, shangazi au dada mkubwa. Ikiwa nyanya anampa mjukuu kila anachokililia, mama anakataa, na baba akirudi anachapa kwa makosa ya mwezi mzima, mtoto hujifunza kumtumia kila mmoja dhidi ya mwenzake.

Yafaa walezi wakae pamoja wakubaliane kanuni zile zile chache, baba aliye malishoni ashirikishwe kwa simu, na mwalimu wa shule pamoja na ustadhi wa madrasa waelezwe. Baba anaporudi asipokewe kwa orodha ya mashtaka. Aelezwe kwanza mema, ili kurudi kwake kusigeuke kuwa siku ya adhabu.

Jamii za eneo hili zina mfano mzuri wa kuigwa. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma hawatoi uamuzi kabla ya kusikiliza pande zote. Haki hiyo anayopewa mtu mzima katika kesi ya mipaka au mifugo, mtoto anastahili kuipata nyumbani kwao kabla ya kuhukumiwa.

Sheria inasemaje?

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, ukatili wa aina zote na adhabu zisizo za kibinadamu. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kimwili pamoja na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemwachia mzazi haki ya kutoa adhabu ya kadiri, lakini ile ya 2022 iliyochukua mahali pake haina kifungu hicho.

Sheria hiyo ya 2022 pia ilipandisha umri wa kuwajibika kwa makosa ya jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Isitoshe, mtoto ambaye mzazi wake anashindwa kummudu anahesabiwa kuwa mwenye kuhitaji matunzo na ulinzi. Kwa hivyo, mzazi anayekwenda kwa afisa wa watoto kusema kwamba ameshindwa hampeleki mwanawe jela. Anaomba msaada ambao sheria imeutambua.

Wakati wa kuomba msaada

Mzazi asisubiri iwapo mtoto anajiumiza au anawaumiza wengine, anatesa wanyama, anawasha moto, anazungumzia kufa, anaanguka au kuzubaa mara kwa mara, amepoteza maneno aliyokuwa akiyajua, au amebadilika ghafla bila sababu inayojulikana. Mabadiliko ya ghafla yanaweza kuwa dalili kwamba mtu fulani anamdhulumu, na hapo mtoto aulizwe kwa upole, mbali na watu.

Mahali pa kuanzia ni kwa mhudumu wa afya ya jamii kijijini au katika zahanati iliyo karibu, kisha Hospitali ya Ngao katika Tana Delta au ile ya rufaa mjini Hola. Wengine wa Garsen hupelekwa Malindi. Kwa mtoto anayeshindwa masomo, mwalimu mkuu anaweza kuielekeza familia kwa kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Huduma hii ilianzishwa nchini mwaka 1984. Chifu na afisa wa watoto wa eneo husaidia pale usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Nambari ya simu 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na wazazi pia huruhusiwa kuipiga.

Mabadiliko hayaji kwa siku moja. Tabia iliyojengeka kwa miaka mitatu haitaondoka kwa wiki moja, na kutakuwa na siku za kurudi nyuma. Mzazi achague tabia moja tu ya kuanza nayo, aitazame kwa siku saba, abadilishe jibu lake, kisha aendelee nalo kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa nyingine. Akiona kwamba ugomvi uliokuwa ukitokea mara tano kwa siku sasa hutokea mara mbili, ajue ameshika njia.